Kijiko Kilichobaki Ndani ya Kopo

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Mfereji mbele ya ofisi umeziba kama mwaka jana, na kama mwaka jana kila mtu ameshangaa.

Mhariri amenipa kazi ya ukurasa wa afya: je, poda na vidonge vinavyouzwa kwenye jimu vinasaidia kweli kupunguza mafuta na kujenga misuli? Nikamkumbusha kwamba mimi ni mwandishi wa mahakama na ajali. Akasema, "Ndiyo maana nakupa wewe, mama. Hao wa afya watanunua kwanza, wataandika baadaye." Nimeichukua. Mahakama iko likizo.

Jioni nilipita kwa mdogo wangu. Ni askari wa zimamoto, na mkewe, wifi yangu, anaoka keki za kuuza. Ukifika kona ya mtaa wao unaongozwa na harufu ya vanila. Nilimkuta mdogo wangu kwenye ngazi ya nyuma anatafuna tango, uso umemkunjamana kama anakunywa dawa.

"Kumetokea nini?" nikauliza.

"Muulize mkuu wake wa kituo," wifi akajibu kutoka jikoni. "Mume kaambiwa apungue, mke anauza keki. Mungu naye ana utani wake."

Majaribio ya mwili ya kikosi ni katikati ya Mei. Unapanda ngazi na mpira wa maji begani, unaburuta sanamu lenye uzito wa mtu mzima, kisha unapimwa. Mwaka jana alipita kwa chupuchupu. Anayeshindwa anahamishiwa chumba cha redio. Wenzake wanamwita Tangi, kwa sababu ya kitambi, naye hucheka pamoja nao. Kicheko hicho nakijua tangu alipokuwa anavaa kaptula. Si kicheko.

"Redio ni kazi ya waliochoka," alisema. "Mimi sijachoka."

Ijumaa, 7 Machi

Mtaalamu wa lishe wa hospitali amenipa saa nzima, jambo ambalo madaktari hawafanyi. Nimetoka na haya: poda ya protini humsaidia mtu anayenyanyua vyuma na ambaye chakula chake hakimtoshelezi kwa protini; anayekula maharagwe, mayai na samaki vya kutosha ananunua tu kile kilichomo jikoni kwake. Kreatini, poda ya wanyanyuaji, ina ushahidi mzuri kuliko nyingine kwa nguvu na misuli, lakini si muujiza, na huvuta maji kwenye misuli, hivyo mizani inaweza kupanda kwanza. Za kuyeyusha mafuta nyingi ni kafeini yenye jina la kutisha. Faida yake ni ndogo sana. Madhara yanategemea kipimo, na wakati mwingine hata muuzaji hajui kilichomo.

"Kwa hiyo zinasaidia au hazisaidii?"

"Nyingine kidogo, kwa baadhi ya watu, wakifanya kazi yenyewe. Hilo haliuziki, ndiyo sababu hulisikii."

Jumatano, 12 Machi

Jimu anakofanya mazoezi mdogo wangu iko kwenye karakana ya zamani. Sakafu bado ina madoa ya mafuta ya gari. Kocha ana shingo pana kama kichwa chake na sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Nyuma ya meza yake kuna magunia ya poda na rafu ya makopo. Juu ya rafu ameandika kwa rangi: KOPO TUPU SI TAKA, LETE TUJAZE. Mteja analeta kopo lolote alilonalo, anajaziwa anachotaka, jina la poda linaandikwa kwenye kipande cha plasta. Kijiko cha kupimia kinabaki humo humo. Kocha anajivunia mpango huu kuliko hata misuli yake. Anasema umepunguza bei na taka.

"Na poda zinafanya kazi?"

"Mwandishi, nitazame."

"Nakutazama. Nimeuliza poda, sikukuuliza wewe."

Akacheka. "Nanyanyua vyuma tangu sijaota ndevu. Poda ni chumvi kwenye mboga. Mboga ndiyo kazi yenyewe. Ila ukiwaambia watu hivyo wanaondoka, wanakwenda kwa yule anayewaambia chumvi peke yake inashibisha."

"Kwa hiyo wewe unawaambiaje?"

"Nauza chumvi."

Niliingia nikimwona tapeli. Nimetoka sina uhakika.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua mchana kutwa. Nimemaliza makala. Onyo kuhusu maji ya kreatini na kuhusu poda za kuyeyusha mafuta nimeliweka mwisho, ndipo lilipokaa vizuri.

Jumanne, 18 Machi

Makala imetoka. Tangazo la magodoro lilikuja dakika ya mwisho likahitaji nafasi, na kisu huanzia chini siku zote. Aya mbili za mwisho hazipo. Kilichobaki kinasema protini inaweza kusaidia na kreatini ina ushahidi. Yote ni kweli.

Nilimwendea mhariri. "Ni ukurasa wa afya, mama," akasema, "si hukumu ya mahakama."

Alhamisi, 20 Machi

Mdogo wangu amenipigia simu ofisini, jambo asilolifanya. Hajawahi kunipa habari hata ya jaa lililoungua. Msimamo wake ni mmoja: "Kazi yangu na yako zisikutane, dada." Leo alikuwa na furaha. "Nimekusoma! Umeisifia kreatini. Nimeanza jana."

Nikamweleza habari ya maji na mizani. Nyuma yake king'ora kikalia, akasema sawa, sawa, akakata. Sijui alisikia nini.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Kesi ya wizi wa nyaya imeahirishwa.

Alhamisi, 27 Machi

Wifi amekuja ofisini kuleta keki ya mtu anayestaafu. Akaniambia mizani ya kituo imepanda, mume hasemi na mtu, amerudi nyumbani na kikopo kidogo cha poda ya kuyeyusha mafuta inayoitwa Moto.

"Wenzake wamemwambia Tangi limejaa," akasema. "Nikamwambia, baba, usijali, hata mimi nilikupenda likiwa limejaa. Akaenda kulala bila kula."

Nimempigia. Nikamwambia tena: ni maji, si mafuta. "Mizani ya mkuu haijui tofauti, dada," akasema. Ni kweli.

Jumapili, 6 Aprili

Chakula cha mchana kwao. Amepungua uso, si tumbo. Kikopo cha Moto kilikuwa juu ya meza. Nikasoma kibandiko chote. Kijiko chake ni kidogo kama cha kupimia dawa ya mtoto. Mikono ya mdogo wangu ilikuwa inatetemeka akimimina maji. Akaona nimeona.

"Wewe umeandika zinafanya kazi."

"Niliandika nyingine, kidogo, kwa baadhi ya watu."

"Kidogo ndicho ninachohitaji."

Wifi akaingilia. "Mimi nimeolewa na askari au na mzani? Kila asubuhi anasimama juu yake kama anasubiri hukumu." Alicheka peke yake.

Kikopo kilikuwa kinakaribia kwisha. Nikafurahi, nikidhani mambo yataishia hapo.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika hili kwenye benchi la hospitali.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri na mto ukavunja ukuta wa bonde. Saa tatu asubuhi nilikuwa pale na mpigapicha. Nyumba za chini zilikuwa zimezama mpaka madirishani. Kikosi kilifunga kamba kutoka kwenye gari la zimamoto mpaka kwenye nguzo ya umeme na kuanza kuvusha watu mmoja mmoja. Niliandika kama kawaida: kizee amebebwa mgongoni, mama na watoto wawili, mwanamume anakataa kuiacha televisheni, askari anamwambia, "Mzee, hii ikizama utanunua, wewe ukizama tutakununua wapi?"

Askari mmoja alikuwa kwenye pampu, amejiinamia. Alitapika. Akajifuta, akashika tena mpira. Kisha akaachia mkono mmoja, akajishika kifua, akaanguka kiubavu kwenye maji yaliyofika chini ya magoti.

Nikaandika: *askari mmoja ameanguka karibu na pampu.* Ndipo wenzake walipomgeuza nikaona ni nani.

Nilifika kabla ya machela. Macho yalikuwa wazi. Shingoni mshipa ulikuwa unapiga kwa kasi ambayo sikuweza kuihesabu, unaruka, unasimama, unaruka. Mkuu wa kituo alipiga magoti kwenye maji akamwita kwa cheo chake, akamwita kwa jina lake, mwisho akamwita Tangi. Aliitikia Tangi.

"Umekula nini leo?" mkuu akamuuliza.

"Uchovu tu, mkuu."

Hapa daktari ameuliza swali lile lile. Jibu ni lile lile. Wamembandika waya kifuani na mashine inalia kila moyo unapokosea. Unakosea mara nyingi.

Wifi amefika na aproni ya unga. Hakulia. Alimtazama mumewe, akatazama mashine, akaniambia, "Nakwenda nyumbani kuchukua kitu." Akarudi na kopo, akalikabidhi kwa daktari mbele ya mgonjwa. Mdogo wangu akageuza uso ukutani.

Kopo lilikuwa kubwa, la protini. Juu yake plasta: MOTO.

Ijumaa, 11 Aprili

Moyo umeanza kutulia. Daktari anasema ni kafeini nyingi kupita kiasi, kwenye tumbo tupu. Anashangaa imekuwaje kwa mtu mzima anayejua kusoma. Nami nashangaa.

Nilimuuliza mdogo wangu alikunywa vijiko vingapi.

"Kimoja. Kocha alisema kimoja. Kilikuwa kimoja."

Jumamosi, 12 Aprili

Asubuhi nilimwomba daktari kopo kwa saa chache, nikalipeleka jikoni kwa wifi. Nikamuuliza kikopo kidogo cha kwanza kiko wapi.

Akafungua kabati la vifaa vya keki. Kikopo kilikuwa pale, kimeoshwa, kimejaa hamira, na kijiko kidogo kimechomekwa ndani.

"Kilikuwa kimekwisha," akasema. "Nikaona kina mfuniko mzuri. Hamira yangu ilikuwa inaingia unyevu kwa mvua hizi. Aliponiomba kopo la kwenda kujaziwa, nikampa hili kubwa, lilikuwa la protini, limekaa tu juu ya kabati." Akashika ukingo wa meza. "Wifi. Nilimpa mimi kwa mkono wangu."

Sikumwambia kitu cha kumfariji. Nikamwomba mizani yake. Tukapima poda kwa kijiko kidogo, kisha kwa kile kikubwa kilichobaki ndani ya kopo la protini. Kijiko kimoja kikubwa kilibeba sawa na vijiko sita vidogo. Tukarudia ili tuwe na hakika. Wifi akakitia kijiko kidogo mfukoni mwa aproni. Hakutaka kukirudisha kwenye hamira.

Jumapili, 13 Aprili

Nilimwomba wifi kijiko kidogo, nikaenda jimu na vyote viwili. Nikaviweka mezani mbele ya Kocha.

Alivitazama kwa muda. Shingo ile yote ikaonekana kupungua. "Kopo gani?" akauliza. Nikamwambia. Akauliza, "Yuko hai?" Nikamwambia.

Hakubisha. Nimewahoji watu wengi wenye makosa na najua uso wa mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Huyu hakuutafuta. Alishusha makopo yote kwenye rafu, akamwaga vijiko vyote ndani ya ndoo, akafuta maandishi ukutani kwa tambara lenye petroli. Kisha akaanza kupiga simu. "Poda niliyokujazia, usiiguse. Ndiyo. Usiniulize, mwaga." Mteja mmoja akamtukana akitaka kurudishiwa hela, akasema njoo uchukue.

Baadaye akaketi. "Wengine sina namba zao. Wanapita, wanajaza, wanaondoka. Kuna waliowanunulia ndugu zao. Kuna mmoja alijaza makopo matatu, alisema anasafiri."

"Makopo ya nini?"

"Ya protini." Akanitazama. "Mwandishi, liandike gazetini. Uniandike na mimi."

Jumatatu, 14 Aprili

Mdogo wangu ameruhusiwa kurudi nyumbani. Alikuwa amekaa kitandani na mto mgongoni wakati nilipomwambia nitakachoandika.

"Usiandike, dada."

"Sitakutaja. Wala kikosi."

"Hutanitaja! Nimeanguka mbele ya mtaa mzima, mpigapicha wako amesimama pale pale. Mkuu anaamini ni uchovu. Daktari hawezi kumwambia. Nikipumzika wiki tatu, naingia kwenye majaribio kama wenzangu. Ukiandika kopo, ukiandika poda, hata mjinga ataunganisha."

"Kuna makopo mengine nje. Kocha hawajui wenye makopo hayo."

"Weka tangazo kwenye nguzo. Apige mbiu. Kwa nini liwe gazeti lako?" Sauti ikashuka. "Nimewahi kukuomba nini?"

Nikafikiri kwa uaminifu. "Hujawahi."

"Basi."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Hakuingia, hakuondoka.

Nilimweleza kwamba mtu mwenye moyo dhaifu kuliko wake akinywa kijiko kile hataamka. Akasema anajua. Akasema pia: "Ile makala yako ya kwanza ilinisaidia kuanza. Hii itanimaliza. Umeandika pande zote mbili, hongera."

Nilirudi ofisini kwa miguu kwenye mvua. Niliandika nusu ukurasa. Safari hii onyo nililiweka kwenye mstari wa kwanza: *Kama kijiko kilichomo kwenye kopo lako hakikuja na poda iliyomo, usiitumie.* Mhariri akataka habari za bonde ziingie, askari aliyeanguka, drama. Nikamwambia akiongeza neno moja la bonde naondoa jina langu na natafuta meza kwingine. Aliniangalia, akaona sitanii. Ikapita kama ilivyo.

Jumanne, 15 Aprili

Imetoka. Simu tatu ofisini. Mmoja ananitukana. Mmoja anauliza kreatini nzuri inapatikana wapi. Wa tatu mama mmoja: mwanawe amerudi safarini na makopo matatu, kijiko ni kikubwa, afanye nini? Nikamwambia amwage. Akaniuliza amwage wapi, asije kuku akala. Nikamwambia chooni.

Jumatano, 16 Aprili

Mkuu wa kituo amesoma. Amekwenda nyumbani kwa mdogo wangu mwenyewe, amevaa sare. Wifi anasema hakupaza sauti. Aliuliza swali moja, akajibiwa kweli.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua. Simu yangu haipokelewi.

Jumapili, 27 Aprili

Wifi amekuja peke yake. "Sikulaumu," akasema. "Mimi mwenyewe ningekuwa wewe ningeandika, kisha ningejichukia. Lakini Jumapili hii usije kula kwetu. Ukiingia wewe atatoka yeye, na mvua hii, atalowa bure."

Tukacheka kidogo. Akaniachia kipande cha keki kwenye karatasi. Ilikuwa imepungukiwa hamira. Ilikaa chini kama tofali. Nimeila yote.

Jumatano, 7 Mei

Nimepita karakana. Kocha amebaki na wateja wachache. Anawafundisha kuchuchumaa na chuma bila kuumia mgongo, na ukutani ameandika upya: KULA, LALA, NYANYUA. Akaniuliza kama hiyo nayo ina makosa. Nikamwambia haiuziki. Akasema ameshaona.

Jumatano, 14 Mei

Siku ya majaribio. Nilisimama ng'ambo ya uzio wa kituo kwa kisingizio cha habari. Walipanda ngazi wote. Yeye hakuwa kwenye orodha. Alikuwa kwenye dirisha la chumba cha redio, vipokea sauti masikioni, anawatazama wenzake wakiburuta sanamu. Aliniona. Akavuta pazia.

Mkuu anasema mwakani anaweza kujaribu tena, daktari akikubali. Mwakani atakuwa na umri zaidi ya mwaka huu.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua imekatika tangu wiki iliyopita. Mfereji mbele ya ofisi umezibuliwa, sasa ambapo hakuna maji.

Mchana simu ya mezani ikalia. Nikapokea.

"Zimamoto, chumba cha redio."

Sauti ilikuwa ya kazini, kavu. Nikavuta karatasi.

"Ghala la mbao karibu na mto linaungua. Magari mawili yameondoka. Mlinzi ametoka salama, hakuna aliyeumia mpaka sasa. Umeandika?"

"Nimeandika."

Nyuma yake redio ilikuwa inakwaruza, na mtu akasema, "Tangi, gari la pili wanakuuliza njia." Akawajibu, bila haraka, wapite wapi, kisha akarudi kwangu.

"Bado sijakusamehe."

"Najua."

"Barabara ya juu tumeifunga, pita ya chini. Na uvae viatu vya mpira, kule bado kuna tope."

Akakata. Viatu vilikuwa chini ya meza tangu siku ya bonde, na udongo wake umekauka. Nikavipiga ukutani, nikavaa, nikapita ya chini.